Kielekezi cha Nafasi Ndani ya Faili: Historia ya Namba Iliyozaliwa na Utepe

Faili la kompyuta, kwa mtazamo wa programu inayolitumia, ni mfululizo wa baiti, yaani vipande vidogo vya taarifa ambavyo kila kimoja kina biti nane, na programu hiyo haiushiki mfululizo wote kwa pamoja, bali husoma au kuandika kuanzia mahali fulani na kusonga mbele. Mahali hapo hutunzwa na mfumo endeshi kama namba moja, inayoonyesha ni baiti ngapi zimekwisha kupitwa tangu mwanzo wa faili, na namba hiyo ndiyo itakayoitwa hapa kielekezi cha nafasi. Programu ikisoma baiti 100, kielekezi husogea mbele kwa 100. Ikiandika, husogea vivyo hivyo. Nayo ikitaka kuruka hadi mahali pengine, mbele au nyuma, huuomba mfumo endeshi ukibadilishe kielekezi kwa wito uitwao seek, au lseek katika mifumo iliyofuata. Jambo hili hufundishwa kwa haraka katika masomo ya awali ya uandishi wa programu, kana kwamba lilikuwapo tangu zamani na halikuamuliwa na mtu. Ukweli ni kwamba liliamuliwa, likarekebishwa na kuamuliwa upya mara kadhaa, na katika marekebisho hayo swali gumu zaidi halikuwa namna ya kukisogeza kielekezi, bali ni nani anayekimiliki: chombo, programu, au faili lenyewe.

Kabla ya diski, nafasi ilikuwa kitu cha kushikika kwa mkono. Katika kadi za kutobolewa, ambazo Herman Hollerith alizitumia kuhesabu sensa ya Marekani ya mwaka 1890 na ambazo kampuni ya IBM ilizipa umbo la safu wima 80 mwaka 1928, nafasi ya usomaji ilikuwa ni ile kadi iliyofikiwa katika mrundo, na aliyetaka kurudi nyuma alilazimika kuuchukua mrundo na kuupitisha upya kwenye mashine. Utepe wa sumaku, ulioingia katika biashara ya kompyuta pamoja na UNIVAC I mwaka 1951 na kufuatwa na IBM 726 mwaka 1952, uliongeza kasi sana lakini haukubadilisha asili ya jambo, kwa kuwa nafasi ilibaki kuwa sehemu ya utepe iliyokuwa chini ya kichwa cha kusomea wakati huo. Mtambo wa IBM 727, uliotangazwa mwaka 1953, uliusogeza utepe kwa inchi 75 kila sekunde, hivyo utepe kamili wa futi 2,400 ulihitaji zaidi ya dakika sita kupita kutoka ncha moja hadi nyingine. Rekodi iliyokuwa mwishoni ilikuwa mbali kwa maana halisi ya neno hilo, nayo haikuweza kufikiwa ila kwa kuzipita zote zilizoitangulia.

Umbali huo ulitengeneza utamaduni mzima wa kazi. Kampuni ya bima au benki iliyotaka kusahihisha hesabu za wateja haikuweza kuingia katikati ya utepe na kubadilisha rekodi moja, kwa sababu kuandika juu ya utepe uliokwisha kuandikwa kulihatarisha rekodi za jirani. Ilibidi mabadiliko yote ya siku yakusanywe, yapangwe kwa mfuatano uleule wa namba za wateja uliokuwa katika utepe mkuu, kisha tepe hizo mbili zisomwe sambamba huku utepe mkuu mpya ukiandikwa kwenye mtambo wa tatu. Utepe wa jana haukuguswa, na ulihifadhiwa kwa muda ili kazi iweze kurudiwa endapo kosa lingegunduliwa. Ufundi wa kupanga, ambao ulikuja kujaza sura nzima nzima za vitabu vya sayansi ya kompyuta, ulikua kwa nguvu hivyo kwa sababu nafasi ndani ya faili haikuweza kuchaguliwa. Lugha ya FORTRAN, iliyotolewa na kikundi cha John Backus wa IBM mwaka 1957, ilibeba utamaduni huo ndani ya msamiati wake: amri REWIND ilirudisha utepe mwanzo, na amri BACKSPACE iliurudisha nyuma kwa rekodi moja. Amri hizo mbili zingali katika lugha hiyo hadi leo, na wanaozitumia kwa mafaili ya diski huamrisha mwendo wa utepe usiokuwapo.

Badiliko la kweli lilitoka San Jose, California, ambako kikundi cha wahandisi wa IBM chini ya Reynold B. Johnson kilitengeneza diski ya IBM 350, iliyotangazwa Septemba 1956 kama sehemu ya kompyuta ya RAMAC 305. Chombo hicho kilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, zilizozunguka mara 1,200 kwa dakika, na kiliweza kuhifadhi herufi milioni 5, kiasi ambacho leo hakitoshi picha moja ya simu lakini wakati huo kilitosha mafaili ya stoo ya kampuni kubwa. Mkono uliobeba vichwa vya kusomea ulipanda au kushuka hadi kwenye sahani iliyotakiwa, kisha ukaingia ndani hadi kwenye njia iliyotakiwa, na safari hiyo ilichukua kwa wastani takriban sekunde 0.6. Sasa karani aliweza kuuliza habari za bidhaa moja na kujibiwa papo hapo bila kusubiri utepe upite, na rekodi iliweza kubadilishwa pale pale ilipokuwa. Hata hivyo, programu ya wakati huo haikuomba baiti ya elfu kumi ya faili fulani. Ilitaja anwani ya chombo, yaani sahani, njia na sehemu ya njia, na mwandishi wa programu alipaswa kujua mahali kila kitu kilipolazwa.

Mifumo endeshi ya miaka ya 1960 ilijaribu kumwondolea mwandishi mzigo huo kwa njia mbili zilizotofautiana kabisa. OS/360 ya IBM, iliyotangazwa mwaka 1964, iliona faili kuwa ni mkusanyiko wa rekodi, ikamtaka mtumiaji aeleze mapema urefu wa rekodi, ukubwa wa kifungu kinachokusanya rekodi kadhaa, na njia ya kuzifikia, ama kwa mfululizo, ama moja kwa moja kwa namba, ama kwa faharasa; faili lililoundwa kwa njia moja lilikuwa taabu kulisoma kwa njia nyingine. Multics, mradi wa pamoja wa chuo cha MIT, kampuni ya General Electric na maabara za Bell, ulielekea upande wa pili: faili lilikuwa sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta, programu ikaligusa kama inavyogusa data zake nyingine, na hapakuwa na haja ya kielekezi chochote kinachotunzwa na mfumo. Wazo la Multics lilikuwa zuri, na miaka mingi baadaye lilirejea katika mifumo ya Unix kwa jina la mmap, lakini lilidai mashine ghali na ngumu kuliko zile ambazo watu wachache wa maabara za Bell waliachiwa baada ya maabara hizo kujitoa katika mradi mwaka 1969.

Watu hao, wakiongozwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie huko Murray Hill, New Jersey, walianza kujenga Unix mwaka huo kwa kutumia kompyuta ya PDP-7 iliyokuwa imekwisha kupitwa na wakati. Uamuzi wao kuhusu faili ulikuwa wa kijasiri kwa urahisi wake: faili ni mfululizo wenye namba na si kitu kingine, bila rekodi, bila vifungu, bila aina, kila faili lililofunguliwa lina kielekezi kimoja, kusoma kwa mfululizo ndilo jambo la kawaida, na kusoma mahali popote ni kusoma kwa mfululizo kulikotanguliwa na kukibadilisha kielekezi. Katika makala yao ya Julai 1974 waliyoichapisha katika jarida la Communications of the ACM walieleza kwamba mfumo hautofautishi aina hizo mbili za usomaji. Aliyezoea kujaza maelezo ya OS/360 kabla ya kusoma mstari mmoja aliweza kupima mwenyewe uzito wa maneno hayo. Utepe haukuwapo tena, lakini tabia yake ilihifadhiwa kwa makusudi, kwa sababu kazi nyingi za binadamu na faili, kama kuchapa barua au kuhesabu orodha, huanzia mwanzo na kuishia mwisho.

Hapo ndipo swali la umiliki lilipojitokeza, na Ritchie alilisimulia waziwazi katika makala yake ya mwaka 1979 kuhusu mageuzi ya Unix. Mfumo wa PDP-7 ulipopata uwezo wa mchakato mmoja, yaani programu inayoendeshwa, kuzalisha mchakato mwingine unaofanana nao, kazi ambayo ilidai mistari 27 tu ya msimbo, kielekezi cha nafasi kilikuwa kinatunzwa ndani ya kila mchakato. Mpango huo ulionekana wa busara mpaka walipojaribu kuweka amri kadhaa ndani ya faili moja na kuelekeza matokeo yake yote kwenye faili jingine. Ikiwa amri ya kwanza ilikuwa ls, inayoorodhesha mafaili, na ya pili ilikuwa who, inayoorodhesha watumiaji, basi kitafsiri amri, yaani programu inayopokea na kuendesha amri, kilizalisha mchakato wa ls, ambao uliandika orodha yake vizuri na kwisha. Kisha kikazalisha mchakato wa who, ambao ulinakili kielekezi cha mzazi wake. Mzazi hakuwa ameandika chochote, kwa hiyo kielekezi chake kilikuwa bado sifuri, na who ikaandika juu ya orodha ya ls na kuifuta.

Dawa iliyopatikana ndiyo inayotawala hadi leo. Jedwali jipya liliundwa ndani ya mfumo endeshi, likawekwa kati ya mchakato na faili, na kila safu ya jedwali hilo ikawakilisha tukio moja la kufungua faili pamoja na kielekezi chake. Mchakato hubaki na rejeleo tu la safu hiyo, na mtoto anapozaliwa hurithi rejeleo lilelile, hivyo mtoto akiandika, kielekezi cha mzazi nacho husonga. Michakato miwili isiyo na uhusiano, kila mmoja ukiwa umefungua faili lilelile kwa wakati wake, huwa na safu mbili na vielekezi viwili visivyoingiliana. Kielekezi, kwa hiyo, si cha faili wala si cha mchakato. Ni cha tendo la kufungua, jambo ambalo wanafunzi wengi huliona la ajabu mpaka waelezwe habari za ls na who.

Waundaji wa Unix waligeuza mara moja ushirika huo kuwa chombo cha kazi. Katika matoleo ya awali, kitafsiri amri hakikuwa na uwezo wa ndani wa kuruka kutoka mstari mmoja wa faili la amri hadi mwingine. Kazi hiyo ilifanywa na programu ya nje iitwayo goto, ambayo ilirudisha kielekezi cha faili la amri mwanzo, ikasoma mpaka ilipoikuta lebo iliyotajwa, ikakiacha kielekezi hapo na kwisha. Kitafsiri amri, kilichokuwa kikisoma kupitia safu ileile ya jedwali, kiliendelea bila kujua kutoka mahali kielekezi kilipoachwa, kama wasomaji wawili wanaopokezana kitabu chenye uzi mmoja wa kutia alama. Ni ubunifu unaostahili heshima zaidi kuliko unavyopewa, ingawa ulidumu tu hadi Toleo la Saba la Januari 1979, ambapo kitafsiri amri kipya cha Stephen Bourne kilichukua udhibiti huo ndani yake.

Upande wa pili wa historia hii ni ukubwa wa namba yenyewe. Unix ilipohamia kwenye PDP-11, mashine ambayo neno lake lina biti 16, mfumo wa kwanza ulikuwa na diski ya kilobaiti 512 na mafaili yasiyozidi kilobaiti 64, na namba ya biti 16 ilitosha kabisa kwa kielekezi. Mwongozo wa kwanza wa Novemba 1971 uliueleza wito wa seek kuwa na vipengele vitatu: faili, umbali, na namba inayosema umbali huo upimwe kutoka mwanzo, kutoka nafasi ya sasa, au kutoka mwisho. Mafaili yalipokua kupita kiwango hicho, waundaji waliongeza maana tatu nyingine, ambapo umbali ulizidishwa kwa 512. Katika Toleo la Sita la mwaka 1975, programu iliyotaka kufika baiti ya 100,000 iliruka kwanza vipande 195 vya baiti 512, yaani baiti 99,840, kisha ikaongeza 160 kwa wito wa pili. Toleo la Saba liliondoa usumbufu huo kwa kutumia aina mpya ya namba ndefu ya lugha ya C, yenye biti 32, na herufi l iliyo mbele ya lseek ni alama ya urefu huo, iliyobaki hata baada ya seek ya zamani kutoweka.

Biti 32 zenye alama ya chanya na hasi, ambayo ilihitajika ili umbali uweze kuelekea nyuma, zinaishia kwenye 2,147,483,647, na kwa zaidi ya miaka kumi kikomo hicho cha gigabaiti 2 kilionekana kuwa mbali mno. Katikati ya miaka ya 1990 diski za kawaida zilikipita, na watengenezaji wa mifumo ya Unix wakakutana katika mpango ulioitwa Large File Summit ili kukubaliana jinsi ya kupata biti 64 bila kuvunja programu zilizokwisha kutungwa. Majina kama lseek64 na fseeko yalitokana na mapatano hayo. Gharama haikuwa katika kupanua namba, kwa kuwa hilo ni jambo dogo, bali katika maelfu ya programu zilizohifadhi nafasi ndani ya kigeu cha biti 32 na kudhani kwamba faili halitazidi hapo.

Lugha ya C, ilipoenea nje ya Unix, ilikutana na ulimwengu ambao faili halikuwa mfululizo wa baiti tupu. Katika MS-DOS mwisho wa mstari uliandikwa kwa baiti mbili huku programu ya C ikiona herufi moja. Katika mifumo ya IBM na ya VMS rekodi zilikuwa bado zipo. Kwa hiyo kiwango cha ANSI C cha mwaka 1989 kiliamua kwamba, kwa faili la maandishi, jibu la ftell, inayotaja nafasi ya sasa, halipaswi kufanyiwa hesabu. Hutumika tu kurudi mahali lilipotolewa, kupitia fseek. Kiwango hichohicho kilileta fgetpos na fsetpos, ambazo huificha nafasi ndani ya aina yake ya pekee ili mfumo wowote uiwakilishe utakavyo. Maktaba ya C ilizua pia kielekezi cha pili, kwa sababu husoma mapema kipande kizima na kukiweka akiba, hivyo programu inaweza kuwa imetumia baiti 10 huku mfumo endeshi ukiamini kwamba 512 zimekwisha kusomwa. Programu mbili zinazoshirikiana safu moja ya jedwali huathirika papo hapo, na ndiyo sababu kiwango cha POSIX, kinachoweka kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix, huzitaka amri za kawaida zirudishe kielekezi mahali zilipoishia kweli kabla ya kwisha. Katika bomba, yaani njia inayopeleka matokeo ya programu moja moja kwa moja kwa nyingine, urejeshaji huo hauwezekani, kwa kuwa kilichopita kimepita na lseek hukataliwa.

Ugumu wa maandishi uliongezeka pale herufi zilipoacha kuwa na upana mmoja. UTF-8, mfumo wa kusimba herufi uliobuniwa na Ken Thompson, yuleyule wa Unix, pamoja na Rob Pike mnamo Septemba 1992, hutumia baiti moja kwa herufi za Kilatini zisizo na alama na baiti mbili kwa herufi za Kiarabu, hivyo shairi la Kiswahili lililoandikwa kwa hati za Kilatini lina baiti sawa na idadi ya herufi zake, ilhali shairi hilohilo likiandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo waandishi wa Lamu na Mombasa walizitumia kwa karne nyingi, halitoi njia ya kukokotoa mahali pa herufi ya elfu moja bila kuhesabu. Wabunifu wake walilizingatia jambo hilo la kurukia katikati: baiti zinazoendeleza herufi zimepewa alama inayozitofautisha na baiti zinazoianzisha, ili programu iliyoangukia katikati ya herufi irudi nyuma hatua chache tu na kuupata mwanzo wake.

Swali la umiliki lilirudi kwa nguvu pale mchakato mmoja ulipoanza kuwa na nyuzi nyingi za utendaji, yaani mifululizo kadhaa ya maagizo inayoendeshwa kwa wakati mmoja ndani ya programu moja. Nyuzi hizo hushirikiana kielekezi kimoja, na uzi mmoja ukiita lseek kisha read, uzi mwingine unaweza kukihamisha kielekezi katikati ya miito hiyo miwili. Tatizo la jamii hiyo lilikuwa limeonekana mapema kwenye mafaili ya kumbukumbu za matukio, ambako michakato mingi huandika mwishoni mwa faili moja. Kitafsiri amri cha Toleo la Saba kiliruka mwisho wa faili kwanza na kuandika baadaye, na kati ya hatua hizo mwingine aliweza kuandika mahali palepale. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mifumo ya Unix ilipata alama ya O_APPEND, inayofanya kila uandishi uende mwisho wa faili bila mwanya wowote kati ya kuruka na kuandika. Kisha System V Release 4, mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1980, ilileta pread na pwrite, ambazo hupewa nafasi pamoja na data na hazikigusi kabisa kielekezi kinachoshirikiwa. Hifadhidata zinazojua zenyewe kila ukurasa uko wapi, kama SQLite, huchagua miito hiyo pale inapopatikana, na hapo programu inarudi karibu na mtazamo wa Multics: nafasi ni sehemu ya ombi, si hali inayotunzwa na mfumo.

Kielekezi cha zamani, hata hivyo, hakikuondolewa, kwa kuwa kila kitafsiri amri na kila faili la amri lililopo duniani linakitegemea. Kiini cha Linux, mfumo endeshi wa aina ya Unix, ambacho POSIX ilikidai kihakikishe kwamba usomaji na uandishi haupishani vibaya juu ya kielekezi kimoja, kwa miaka mingi kilisoma namba hiyo, kikafanya kazi, kisha kikaiandika upya bila kufuli, hivyo nyuzi mbili zilizoandika kwa wakati mmoja ziliweza kuanzia nafasi ileile na mmoja kuifuta kazi ya mwingine. Hitilafu hiyo ilirekebishwa katika toleo la 3.14 la Machi 2014 kwa kuwekwa kufuli juu ya kielekezi, nalo, ili programu za kawaida zisicheleweshwe, hufungwa tu pale ambapo safu ya faili lililofunguliwa inashirikiwa na zaidi ya mtumiaji mmoja.